Drafti si flaneli: namna ya kuchagua shati laini la kike litakalodumu

Mwombe muuzaji wa mitumba wa Gikomba ya Nairobi, Karume ya Dar es Salaam au Memorial ya Moshi shati la flaneli, naye atakuvutia shati la drafti. Hajakosea sana, maana flaneli nyingi hufumwa kwa miraba. Lakini miraba ni mchoro tu. Shuka la Kimasai lina miraba na si flaneli. Yapo mashati ya drafti ya poplini nyembamba yanayopitisha upepo wa Limuru kama chandarua, na ipo flaneli ya kijivu isiyo na mstari hata mmoja. Anayenunua kwa kuangalia miraba ananunua rangi, kisha Juni inapoingia Njombe anashangaa kwa nini bado anatetemeka.

Flaneli ni namna ya kumalizia kitambaa. Kwanza hufumwa kama kitambaa kingine chochote, kisha hupitishwa kwenye magurudumu yenye meno membamba ya waya, yanayochokonoa uso wake mpaka ncha za nyuzi zichomoke na kusimama kama malaika ya mkononi. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa vichwa vya mmea wenye miiba. Vinyweleo hivyo hushika hewa isiyotembea, na hewa hiyo ndiyo inayokupa joto. Kwa hiyo flaneli inaweza kuwa ya sufu, ya pamba, ya poliesta, ya viskosi au ya mchanganyiko; neno lenyewe halikuambii imetengenezwa na nini. Asili yake ni Wales, kwenye sufu ya kondoo. Katika karne ya 19 mji wa Newtown uliishi kwa flaneli, na Rochdale ya Uingereza vilevile, ndiyo maana miongoni mwa waasisi wa ushirika wa 1844, wale ambao kila mwanafunzi wa ushirika huwasikia darasani, walikuwamo wafumaji wa flaneli. Hata fulana yetu ni ndugu wa mbali wa neno hilo, ingawa fulana ya leo haina kinyweleo hata kimoja.

Mkono hudanganywa dukani

Watu wengi huchagua kwa kupapasa. Kupapasa ni lazima, ila ulaini unaousikia dukani una vyanzo vitatu, na viwili havikai. Kuna dawa ya kulainisha iliyopakwa kiwandani, ambayo huondoka baada ya kufuliwa mara chache. Kuna vinyweleo vya juu. Vile vilivyotokana na pamba ya nyuzi fupi havina mahali pa kujishikiza, hung'oka na kubaki kwenye beseni. Cha tatu ni uzi wenyewe. Uzi wa pamba ya nyuzi ndefu huendelea kulainika kadiri unavyofua, na shati la namna hiyo hupendeza zaidi mwaka wa pili kuliko siku ulipolinunua. Shati la uzi mbaya hufika kileleni siku ya kwanza.

Ili kuona tofauti inabidi kuelewa mtande na mshindio. Mtande ni nyuzi za urefu, zilizosokotwa kwa nguvu. Ndizo zinazokibeba kitambaa. Mshindio hupita katikati yake kwa upana, na kwenye flaneli huwa mnene na umesokotwa kwa ulegevu, makusudi, ili meno ya waya yapate cha kuchomoa. Maana yake karibu kila kinyweleo unachokipapasa kimetolewa kwenye mshindio, na mshindio umepungua kwa kiasi hicho hicho. Kiwanda kinachotaka ulaini wa haraka kwa gharama ndogo huchukua uzi hafifu na kukichana kitambaa kupita kiasi. Shati linakuwa laini kama pamba ya hospitali, kisha siku moja unanyoosha mikono kushika kitu mbele yako na mgongo unaachia. Angalia mpasuko huo: mara nyingi unatoka juu kwenda chini, kwa sababu zilizokatika ni nyuzi za upana.

Kwa hiyo, baada ya kupapasa, inua shati kwenye mwanga. Mfumo wa nyuzi uonekane umejaa na uko sawasawa; kama mwanga unapenya kwa mabaka, mahali pengine pazito na pengine pamelegea, kitambaa kimechanwa vibaya. Sugua kidole gumba mahali pamoja mara ishirini hivi. Vumbi kidogo la pamba si neno, ila vijidonge vikianza kujiviringisha hapo hapo, vitazaa kwapani na kiunoni ndani ya mwezi. Kisha shika pande mbili za mshono wa ubavuni uvute taratibu. Nyuzi zikikimbia na kuacha vijitundu kando ya mshono, weka chini utafute jingine. Hilo halina fundi wa kulitibu.

Rangi nayo ina siri, na kwa hili sisi watu wa kanga na kikoi hatuhitaji mwalimu. Kanga imechapwa: rangi iko upande mmoja, upande wa pili imefifia. Kikoi kimefumwa kwa nyuzi zilizokwisha kutiwa rangi, kwa hiyo ukikigeuza mistari ni ile ile. Flaneli nzuri ya miraba ni ya namna ya kikoi. Ukigeuza shati ukakuta ndani ni jeupejeupe, miraba imechapwa, na vinyweleo vya juu vikisuguliwa rangi itaondoka navyo. Viwiko na kola vitapauka kabla ya sehemu nyingine.

Namna ya ufumaji nayo inafaa kuitazama, kwa ufupi. Flaneli nyepesi hufumwa uzi mmoja juu mmoja chini. Nzito nyingi hufumwa kwa mshazari, kama jinzi, na ukitazama karibu utaona vijistari vya kulala upande. Ya mshazari hulala vizuri mwilini bila kukakamaa.

Pamba, poliesta na wenzao

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu vitambaa vyote hivi vikichanwa hufanana mkononi. Tofauti hujitokeza ukishatoka jasho.

Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, viskosi kama 12, sufu karibu 16. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana ukivaa poliesta iliyochanwa, ukapanda daladala iliyojaa, jasho halina pa kwenda. Linabaki kati ya ngozi na shati, na harufu inaganda kwapani hata baada ya kufua. Upande wa pili wa shilingi, poliesta hukauka upesi, hainywei na haikunjamani. Katika Makete au Kinangop wakati wa ukungu, pamba nzito huweza kukaa kambani siku mbili bila kukauka.

Mchanganyiko wa pamba na poliesta unasikika kama suluhisho, na kwa kiasi ni hivyo. Shida yake ni vijidonge. Pamba nayo huota vijidonge, ila nyuzi zake ni dhaifu, hukatika na kudondoka. Poliesta ni imara: kijidonge kikishaundwa, uzi wa poliesta hukining'iniza hapo hapo kama kupe. Kwa maoni yetu, poliesta ikizidi theluthi moja ya kitambaa cha flaneli, hasara imezidi faida, isipokuwa kwa mtu wa kazi za nje anayehitaji kitu kikauke usiku mmoja.

Viskosi, ambayo wengine huiita reyoni, ndiyo huleta yale mashati yanayoning'inia kwa madaha. Inapendeza kwa ofisini. Lakini ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, kwa hiyo ukiikamua kama unavyokamua jinzi utaichana kwa mikono yako mwenyewe. Akriliki hujifanya sufu. Iko kwenye mashati mazito ya mtindo wa koti, ina joto, haivuti jasho, na huota vijidonge haraka. Elastane, uzi unaovutika kama mpira, ya asilimia 2 au 3 si mbaya kwa shati la kubana, ila maji ya moto na pasi kali huiua, na shati hubaki limelegea viwikoni.

Sufu ndiyo flaneli ya asili na ndiyo yenye joto hata ikiwa na unyevu. Wanaosema sufu inawawasha hawadeki: nyuzi zenye unene wa maikroni 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na zaidi haziinami zikigusa ngozi, huchoma. Sufu ya kondoo wa merino yenye maikroni 19 au pungufu huinama. Jaribu shingoni au upande wa ndani wa mkono kwa dakika mbili, si kwenye kiganja, maana kiganja hakisikii.

Mitumba huja na lebo za lugha nyingi, na kuzijua ni faida. Pamba ni Baumwolle kwa Kijerumani, coton kwa Kifaransa, katoen kwa Kiholanzi, bomull kwa Kiswidi na Kinorwe, algodón kwa Kihispania. Wolle, laine na lana zote ni sufu. Polyacryl ni akriliki ya Wajerumani, usiichanganye na kitu kingine. Lebo inayosifu kilimo hai inakueleza habari za shamba. Haikuambii shati litakuwa laini au litadumu.

Lebo ikiwa imekatwa, uko mtihani wa moto, ufanywe nyumbani juu ya beseni la maji. Chomoa uzi wa kitambaa chenyewe kutoka ndani ya pindo. Usichukue uzi wa kushonea, kwa kuwa huo mara nyingi ni poliesta hata kwenye shati la pamba tupu, na wengi hupotea hapo. Ushike kwa kibanio uusogeze kwenye kiberiti. Pamba na viskosi huwaka haraka, hunuka karatasi, huacha jivu laini la kijivu. Sufu huwaka kwa kusitasita, hunuka nywele, na jivu lake husagika. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje ngumu. Akriliki huwaka kwa moshi mweusi na kuacha donge gumu lisilo na umbo. Ukipata harufu ya karatasi na chembe ngumu pamoja, ni mchanganyiko.

Uzito

Wanaouza vitambaa hupima kwa gramu za mita moja ya mraba. Flaneli ya gramu 110 hadi 140 ni nyepesi, ya kuvaa chini ya sweta au jioni za Arusha. Kuanzia 150 hadi 190 ni ya katikati, na hapo ndipo wengi wangepaswa kununua: Nairobi ya Julai, Lushoto, Mbeya, Eldoret. Zaidi ya 200 inakuwa nusu koti. Lebo za Kimarekani hutumia aunsi kwa yadi ya mraba; zidisha kwa 34 upate gramu, kwa hiyo aunsi 5 ni kama gramu 170. Shati la kike la saizi ya kati lenye uzito wa katikati hucheza karibu gramu 300 kwenye mizani ya jikoni. Likiwa na 200 tu, basi ni jepesi hata kama vinyweleo vyake vimevimba. Mara nyingi mashati ya kike hutengenezwa kwa kitambaa chepesi kuliko ya kiume ya kampuni ile ile, na hiyo ndiyo sababu wanawake wengi huenda kwenye rundo la wanaume. Kwa Mombasa na Unguja, flaneli haina kazi, labda kwa ofisi yenye kiyoyozi au basi la usiku linalopanda nyanda za juu.

Tena kumbuka kwamba hewa iliyoshikwa na vinyweleo hufukuzwa na upepo. Abiria wa bodaboda saa kumi na mbili asubuhi ataona flaneli nzito haimsaidii mpaka avae kizuia upepo juu yake.

Shati likae wapi mwilini

Flaneli haipendi kubana, na sababu ni ile ya mshindio: nguvu zote za kunyoosha mikono na kukunja mgongo huangukia nyuzi za upana, zilizo dhaifu. Pima kifua mahali palipojaa zaidi, kisha ongeza sentimita 10 hadi 14; hicho ndicho kipimo cha shati lenyewe. Sokoni, litandaze, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili. Saizi za lebo ni za kukuelekeza tu: 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani, 38 ya Ujerumani na 40 ya Ufaransa, na mashati yaliyotengenezwa kwa soko la Asia huwa madogo zaidi.

Mshono wa bega uishie kwenye ncha ya mfupa, au ushuke sentimita mbili tatu kama shati ni la kuachia. Kisha fumbata mikono kama unayejikumbatia. Likivuta mgongoni, ongeza saizi au tafuta lenye mkunjo katikati ya mgongo, chini ya kipande cha mabegani.

Tatizo la kifua kuachia upenyo kati ya vifungo halitokani na saizi peke yake. Linatokana na kifungo kukosekana pale kifua kilipojaa. Vifungo viwili vikikaa juu na chini ya hapo, kitambaa kitafunguka hata shati likiwa kubwa. Fundi anaweza kuongeza kifungo kidogo cha kubonyeza kwa ndani, kazi ya dakika chache. Vikunjo vya kifuani husaidia pia, lakini kwenye flaneli nzito hufanya donge. Mshono wenye umbo la mwili hukaa vizuri zaidi.

Shati la kiume kwa mwanamke huleta shida mbili: mabega hushuka, na chini hukaza nyonga. Funga kifungo cha mwisho ukiwa umekaa kwenye kiti, si ukiwa umesimama. Likikaza nyongani na sehemu nyingine ziko sawa, fundi apasue ubavuni sentimita 10 na kupinda. Kama hujui umeshika la nani, vaa utazame: la kike vifungo viko upande wa mkono wako wa kushoto.

Mitumba au jipya

Kwa flaneli, mitumba ina faida ambayo jipya halina: imeshasema ukweli wake. Dawa imeondoka, vinyweleo vya uongo vimeondoka, na kunywea kumekwisha. Flaneli ya pamba isiyotayarishwa kiwandani hunywea asilimia 5 hata zaidi, hasa kwa urefu. Mkono wa sentimita 60 unapoteza 3, na hapo ndipo shati lililofika kwenye kifundo dukani linaishia juu yake. Ipo njia ya kukisukuma kitambaa kinywee kabla ya kushonwa, iliyobuniwa na Sanford Cluett wa Marekani na kupewa hati ya haki ya uvumbuzi mwaka 1930. Lebo ikiandika Sanforized au preshrunk, kunywea kulikobaki ni kidogo.

Kwenye mitumba kagua viwiko, ndani ya kola, kwapani na pindo la mikono, yote kwenye mwanga. Kiwiko kilichopoteza vinyweleo bado kina maisha. Kiwiko kinachoonyesha mwanga hakina.

Ukinunua kitambaa upeleke kwa fundi, cha upana wa sentimita 150 kinahitaji mita 1.75 kwa shati la mikono mirefu. Cha 115 kinahitaji mita 2.25. Kama ni cha miraba, ongeza urefu wa miraba miwili ili fundi aweze kuioanisha ubavuni na mfukoni. Kifue na kukikausha kabla ya kukatwa. Fundi atakuambia haina haja; mwambie huna haraka kama anavyodhani, ukifue.

Kufua bila kuua vinyweleo

Funga vifungo, geuza ndani nje, tumia maji ya baridi au ya uvuguvugu, na yeyusha sabuni ya unga kabisa kabla ya kutia shati, kwa kuwa chembe zinazobaki kati ya vinyweleo ndizo hufanya flaneli kuwa ngumu kama gunia. Usisugue kola kwa burashi ya kufulia. Paka sabuni, acha nusu saa, finyanga kwa mikono. Taulo zisifuliwe nalo. Siki na chumvi, dawa za bibi za kushika rangi, hazifanyi kitu kwa rangi za kisasa za pamba. Rangi ikichuja mara mbili za kwanza, fua peke yake basi. Suuza mpaka maji yawe meupe. Anika kivulini kwenye hanga, likikauka likung'ute, ulipitishie burashi laini ya nguo kuelekea chini. Pasi, ikibidi, ipigwe kwa ndani.

Jikoni kuna tahadhari moja nzito. Vinyweleo vya pamba na viskosi vimezungukwa na hewa, na moto huweza kupita juu ya uso wake kwa kasi kabla ya kitambaa chenyewe kushika. Uingereza ilifikia kutunga sheria mwaka 1913 dhidi ya flaneli za pamba zilizouzwa kwa madai ya uongo kuwa hazishiki moto. Poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Mbele ya jiko la mkaa, la kuni au la gesi, mikono mipana ikunjwe hadi juu ya viwiko, au shati livuliwe.

Kiwiko kikianza kuonyesha mwanga, usingoje kitoboke. Weka kiraka kwa ndani, cha pamba nyepesi kuliko shati, poplini au kipande cha kanga iliyochakaa, chenye pembe za mviringo na kinachozidi eneo lililochoka kwa sentimita 2 kila upande. Kiraka cha jinzi kinaonekana imara, lakini ugumu wake huvuta nyuzi zilizokizunguka, na baada ya wiki chache shati hupasuka kando ya mshono wa kiraka chenyewe.